Walt Disney: mutu wa Mickey, na ile miaka feza ilikauka

Pita mu soko ya Kenya siku yoyote, utaona Mickey. Eko ku mupira ya mutoto, ku mufuko wa masomo, ku kikombe ya plastike. Batoto ba Katuba banamujua mbele ya kujua kuandika jina yao wenyewe. Lakini yule aliyemutoa ku dunia, Walt Disney, watu mingi wanafikiri alizaliwa tajiri, akaishi akicheka, akakufa tajiri. Hapana. Feza ilimukauka mara mingi, na mara moja alipoanguka aliangukia watu waliokuwa wanamutumikia. Njo ile maisha tutaeleza leo, juu sisi watu wa shaba tunajua vile bei inashuka na nani analipa.

Walt alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa seremala, kisha mujenzi, kisha mukulima, na kila kazi ilimukatala. Wakati Walt alikuwa mutoto mudogo walihamia shamba karibu na Marceline, muji mudogo wa reli kule Missouri. Ile miaka yake ya furaha haikuwa mingi. Baba akagonjwa, shamba ikauzwa, na mu 1911 familia ikaenda Kansas City. (Hapa kwetu treni ya kwanza ilikuwa imefika mwaka moja tu mbele, Elisabethville ingali mahema na vumbi.) Kule Kansas City, Elias alinunua haki ya kugawa magazeti, na wagawaji ni nani? Walt na kaka yake Roy. Waliamuka ingali giza, wakatembea mu teluji, wakaweka gazeti ku mulango wa kila nyumba, kisha Walt akaenda ku masomo na usingizi mu macho. Miaka sita vile. Baba hakumulipa hata kidogo: alihesabu chakula na nguo kuwa njo mushahara. Wazee wetu waliokula posho ya Union Minière wataelewa ile hesabu.

Mu 1922 Walt, kijana wa miaka makumi mbili, alifungua kampuni yake ya kwanza ya sinema za michoro. Mwaka uliofuata ikafilisika. Akapanda treni kwenda California na dola kama makumi ine mu mufuko. Kule, pamoja na Roy, akaanza tena. Roy njo alikuwa mutu wa hesabu. Walt alikuwa mutu wa kutumia. Ginsi ile ilikaa mupaka kufa kwao.

Mu 1928 muuzaji wa sinema zake kule New York alimunyanganya sungura aliyechora, Oswald, pamoja na karibu wachoraji wake wote, na akataka kumulipa bei ya chini. Walt alirudi bila kitu. Njo hapo Mickey alizaliwa; mwenye kumuchora kwa mukono alikuwa Ub Iwerks, rafiki aliyebaki. Mu Novemba ya ule mwaka sinema ya Mickey yenye sauti ikaonyeshwa, na dunia ikacheka.

Mwaka moja tu, na ile krizi kubwa ya 1929 ikaanguka. Kwetu, bei ya shaba ilishuka na Union Minière ikarudisha maelfu ya wafanyakazi ku vijiji. Kule Marekani mamilioni walikosa kazi. Ajabu ni kama ile miaka mubaya Walt alikomaa. Aliona kama mutu hawezi kununua gari, lakini ataweza kununua kitu kidogo chenye kuchekesha mutoto. Akaruhusu kampuni zingine kuweka Mickey ku vitu vyao, nazo zikamulipa sehemu. Mu 1933 ilitoka saa ya mukono yenye Mickey. Mu 1934 kampuni ya Lionel, watengenezaji wa treni za kuchezea, ilikuwa mu mikono ya tribinali juu ya madeni. Ikatengeneza kigari kidogo cha reli chenye Mickey na Minnie, bei dola moja, na ikauza zaidi ya 200,000. Madeni yakaanza kulipwa.

Kisha Walt akaweka yote ku sinema moja ndefu, ile ya musichana mweupe na vibete saba, iliyotoka mwisho wa 1937. Tuseme kidogo juu ya wale vibete: ni watu wa mine! Wanachimba almasi, mangaribi wanapanga musitari na kurudi nyumbani wakiimba. Hatukuona kapita, hatukuona posho, hatukuona hata fisi ya malipo. Lakini sinema ilileta feza mingi, na Walt akajenga studio mupya kule Burbank, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja.

Vita ikaanza Ulaya mu 1939. Soko za Ulaya zikafungwa. Sinema mbili za 1940, ambazo zilikula feza vibaya sana, zikaleta hasara. Deni ya banki ikapita dola milioni ine. Walt akafanya nini? Ile tunayoijua. Alipunguza matumizi, alitosha watu ku kazi. Wachoraji wadogo walikuwa wanalipwa kidogo sana, na wakubwa wao mara mingi zaidi. Hakuna mutu alijua nani atatolewa kesho. Wakaanza kuingia mu sendika. Walt alikasirika sawa baba aliyetukanwa na batoto. Mu mwezi wa tano 1941 alifukuza Art Babbitt, mumoja wa wachoraji wake bora, juu ya kazi ya sendika, na tarehe 29 Mei mamia ya wafanyakazi wakafanya greve mbele ya mulango. Walikaa inje wiki na wiki. Mu Agosti Walt akaenda Amerika ya Kusini kwa safari iliyopangwa na serikali, na wakati hakuwa pale, wapatanishi wakamaliza palabre: sendika ilitambuliwa. Ni mu ile safari pia alipata habari ya kifo cha baba yake. Lakini kupunguza watu hakukuisha. Wafanyakazi walibaki karibu nusu.

Ule ule mwaka wa 1941, mu Desemba, wafanyakazi wa Union Minière walifanya greve yao Elisabethville juu ya mushahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi ku kiwanja ya mpira. Hatulinganishe. Kule Burbank hakuna aliyekufa. Lakini musomaji wa hapa hawezi kusoma ile tarehe bila kukumbuka.

Walt hakusamehe. Mu 1947 alienda mbele ya kamati ya bunge kule Washington, akashitaki viongozi wa ile greve kuwa wakomunisti. Ilikuwa ubaya, na haifai kuificha juu tu tunapenda Mickey. Watu wengine walipoteza kazi kwa maneno ya namna ile.

Sasa tufike ku parke.

Siku za mapumuziko Walt alikuwa anapeleka mabinti wake wawili ku manège, zile farasi za mbao zinazozunguka. Batoto wanapanda, baba anakaa ku kiti, anangoja, hana la kufanya. Akawaza pahali ambapo baba na mama nao watacheza. Roy akakatala: kampuni ilikuwa ingali na deni. Walt akaunda kampuni yake ya pembeni, akakopa juu ya asiransi ya maisha yake, akauza nyumba yake ya mapumuziko. Mwisho kampuni ya televisheni ABC ikaleta dola 500,000 na kusimamia mukopo wa milioni 4.5, na Walt akawatengenezea programu ya kila juma. Programu ile ilikuwa tangazo la parke, na ABC njo iliilipa. Mashamba ya machungwa kule Anaheim yakakatwa, na tarehe 17 Julai 1955 Disneyland ikafunguliwa. Ilikula dola milioni 17.

Ile siku ilikuwa aibu. Tiketi za uongo zilikuwa mingi, jua ilikuwa kali, goudron ingali laini na visigino vya wamama vikazama ndani. Mafundi wa maji walikuwa wametoka mu greve yao, kwa hiyo mabomba ya kunywa hayakutosha. Lakini watu walirudi. Mbele ya mwezi wa tisa kuisha, wageni walikuwa wamepita milioni moja.

Kisha masomo yakafunguliwa, na parke ikakauka. Parke ya kucheza ni hivi: iwe wageni mia ao elfu makumi mbili, mashini ni zile zile, na deni ya banki haijui mvua. Musimu wa watu wachache ni krizi ndogo ya kila mwaka. Na hapa Walt hakufanya sawa mu 1941, ao tuseme, alifanya kwa njia ingine.

Alifunga siku ya kwanza ya juma, na nyuma siku ya pili pia, mu miezi ya watu wachache. Ile desturi ilikaa mupaka 1985. Alibadilisha tiketi. Zamani ulilipa ku mulango, kisha ukatoa makuta tena ku kila mashini, na mutu akasikia mufuko unatoboka kila dakika. Mu Oktoba 1955 wakaanza kuuza kitabu cha tiketi zenye herufi A, B, C. Feza unaitoa mara moja, na ile tiketi inayobaki mu mufuko inakuita urudi. Duka mingi za ndani hazikuwa zake: kampuni kubwa zililipa kodi juu ya kuwa pale, hata Kaiser, watu wa aluminiamu, walikuwa na nyumba yao ya kuonyesha metali. Alijaribu pia kuvuta watu wa mwezi wa baridi kwa serkisi, mu Novemba 1955. Ile ilikufa mbele ya miezi miwili. Watu walikuja kuona parke. Serkisi iko hata kwao.

Lakini kuna kitu ambacho vitabu vya kumusifu havipendi kusema. Mu miezi ya joto parke iliandika vijana na wanafunzi mingi, na musimu ulipoisha waliachwa. Hakuna greve, hakuna orodha ku ukuta, juu hawakuwa wafanyakazi wa kudumu. Sisi tunawaita bajournalier. Faida inaposhuka, wao njo wanakuwa wa kwanza kupungua, na hakuna gazeti inawahesabu.

Mu 1957 na 1958 uchumi wa Marekani ulilegea tena. Watu wa hesabu wangesema tungoje. Walt akajenga. Mu Juni 1959 alifungua pamoja mulima wa bandia wenye vigari vya kuteremuka mbio, meli za kuzama mu maji, na treni ya reli moja. Mawazo yake yalikuwa kama mutu aliyeona kila kitu hana sababu ya kurudi. Mu 1960 kampuni ikanunua ile sehemu ya ABC kwa dola milioni 7.5, na Roy akapumua. Na mu 1964, ku maonyesho ya dunia ya New York, kampuni zingine, Ford, General Electric, Pepsi, zilimulipa atengeneze mashini za kuchezesha watu. Maonyesho yalipoisha, zingine zikapelekwa Disneyland. Walt alipata vitu vipya, na wengine walikuwa wamelipa bei.

Kisha akanunua udongo Florida, zaidi ya hektari 10,000, kwa kujificha nyuma ya kampuni za majina yasiyojulikana, ili bei isipande. Sisi watu wa Katanga tumeona pia vile udongo unauzwa kwa jina ambalo hakuna anayelijua. Hakuona ile kazi. Alivuta sigara maisha yote, kansa ya mapafu ikamukamata, akakufa tarehe 15 Desemba 1966, miaka 65. Roy, aliyekuwa anataka kupumuzika, akabaki ku kazi. Tarehe 1 Oktoba 1971 alifungua parke ya Florida, akaipa jina zima la ndugu yake, na mu Desemba ya ule mwaka yeye pia akakufa.

Parke zingali zinaanguka na kuinuka. Ile ya Paris, iliyofunguliwa 1992, ilikaribia kufa na madeni. Mu 1995 wakashusha bei ya kuingia toka franka 250 mupaka 195, na ule mwaka wakaona faida ya kwanza. Mu 2009, kisha krizi ya banki, ile ile iliyoshusha shaba chini ya dola 3,000 ku tani na kufunga mulango wa kampuni mingi hapa kwetu, parke za Marekani ziliingiza bure kila mutu aliyefika siku yake ya kuzaliwa. Na mu 2020, wakati ya corona, kampuni ilitangaza kutosha wafanyakazi 28,000. Wengi wao, karibu watu saba mu kila kumi, walikuwa wale wa saa chache, wasio wa kudumu.

Kule Disneyland, tangu 1979, kuna mulima mwekundu wenye shimo ya mine ya uongo, na vigari vya madini vinavyokimbia mu giza. Watu wanapanga musitari saa nzima, pamoja na batoto, wanalipa, wanaingia, wanapiga makelele, na kisha dakika chache tu wanatoka ku mwangaza.