Shaaban Robert: karani aliyetuachia hadithi ya tamaa na ndugu

Wiki iliyopita tulizungumza hewani kuhusu ndugu wanaogombea mashamba ya urithi. Simu zilikuwa nyingi, kutoka Mzumbe, Mlali, Melela hadi Mgeta. Msikilizaji mmoja akatukumbusha kitabu alichosoma shuleni, Adili na Nduguze, akatuomba tueleze aliyekiandika alikuwa nani. Ombi hilo ndilo limetuleta hapa.

Aliyekiandika ni Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipofika umri wa shule Waingereza walikuwa wameshaichukua. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akapata cheti cha kumaliza shule. Masomo ya darasani yaliishia hapo, hakwenda chuo kikuu. Wale wanaodhani mwandishi mkubwa lazima awe na shahada waanze kufikiri upya.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya hadi 1944, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi Pangani. Forodhani ndipo mali inapopita: magunia, majahazi, hesabu na ushuru. Mtu anayekaa hapo miaka 18 anawaona wafanyabiashara wa kila aina, mwaminifu na mwenye mkono mrefu. Tukisoma hadithi zake zenye bandari, wakusanya kodi na wasafiri waliofilisika, tunaona kwamba mambo hayo aliyajua kwa macho yake.

Mwaka 1944 alihamishwa kutoka pwani kwenda Mpwapwa, kufanya kazi katika idara iliyohusika na wanyama. Mpwapwa si mbali na sisi, imepakana na Kilosa. Kwa mtu wa pwani ilikuwa safari ndefu, tena wakati wa vita, usafiri ulipokuwa wa shida. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya jimbo, kisha kuanzia 1952 katika ofisi ya upimaji ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960. Alitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Mchana aliandika barua na hesabu za wakubwa. Vitabu vyake aliviandika katika muda uliobaki.

Nyumbani nako hakukosa majonzi. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wadogo. Shairi alilomwombolezea bado linasomwa hadi leo. Watoto wake nao aliwaandikia tenzi za mawaidha, wa kike wake na wa kiume wake. Ule wa kijana wa kiume unaitwa Utenzi wa Adili. Basi neno hilo, adili, lilikuwa moyoni mwake. Maana yake ni mtu wa haki, mwenye mwenendo mwema.

Kitabu cha Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Kwa wale ambao hawakukisoma, au walikisoma zamani wakasahau, hadithi ni hii kwa ufupi. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Majina yao yanajieleza. Baba yao anapofariki, wanarithi mali. Hao wawili wanakwenda nchi za mbali kufanya biashara, wanapoteza kila kitu, wanarudi mikono mitupu. Adili hawafungii mlango. Anawapokea, anawavisha, anagawana nao kile alichonacho.

Baadaye wanasafiri pamoja kwa chombo. Njiani Adili anafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Humo anamkuta msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu, na mali nyingi isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo tamaa inapowapanda nduguze. Wanamtosa Adili baharini. Anaokolewa na jini aitwaye Huria, ambaye Adili alimtendea wema siku za nyuma bila kumjua. Huria anawageuza ndugu wale kuwa manyani, na anamwamuru Adili awachape kila usiku.

Adili anatii amri, lakini akimaliza kuwachapa huwapa chakula na kuwabembeleza. Habari hizo zinamfikia mfalme Rai, ambaye anamwita Adili aeleze kwa nini anawatesa wanyama. Ukweli unapojulikana, mfalme anawaombea msamaha, na manyani wanarudi kuwa watu.

Wanaojua hadithi za Alfu Lela Ulela wataona kwamba kisa hiki kina undugu na kimoja cha humo. Shaaban Robert alichukua kisa cha kale akakivisha Kiswahili na mawazo yake. Kwake Adili angeweza kuishi kwa raha na mali yake, nduguze wakibaki manyani. Lakini hilo halimtoshi. Anataka warudi wakiwa watu.

Hapa ndipo tunapoona inafaa kutazama kwetu. Huku Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na kwa desturi inapita upande wa mama. Kijana anatoka mjini, ameshindwa maisha au ameona bei ya viwanja kando ya barabara ya Iringa imepanda, anataka kipande kiuzwe. Aliyebaki kijijini akilima na kuwatunza wazee anaona ameibiwa. Wote wawili wana la kusema. Ukoo unakaa vikao, mwingine unafika mahakamani. Mara nyingi shamba linapata mwenyewe, lakini ndugu hawazikani tena. Kitabu hakitatui kesi ya shamba. Kinatuuliza tu kama tumeshinda mali tukampoteza ndugu, tumeshinda nini.

Shaaban Robert aliandika pia Kusadikika, kilichotoka 1951, kuhusu nchi ya kufikirika ambako mtu anashitakiwa kwa kutaka sheria ifundishwe. Wasomaji wengi wanaona alikuwa akiusema utawala wa kikoloni kwa mafumbo, yeye akiwa bado mwajiriwa wake. Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaacha kazi kwa tajiri na kurudi bara kushika jembe. Kwa wakulima wanaotusikiliza, hicho ni kitabu cha kutafuta.

Alitunukiwa nishani na Waingereza. Lakini heshima hiyo haikufanya vitabu vyake vyote vichapwe angali hai. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, kilitoka 1967. Utubora Mkulima kilitoka 1968. Yeye alikuwa ameshafariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa kwao, Machui, Tanga. Alizunguka kwa uhamisho wa kazi, mwisho akarudi kwenye udongo wa nyumbani.

Kama nyumbani kwako kuna nakala ya Adili na Nduguze iliyochakaa, usiifungie maandazi. Wasomee watoto jioni, kurasa chache kila siku. Na kama kuna ndugu ambaye hamsalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, wiki hii tungependa kusikia kutoka kwako. Kilianzaje, na nini kingeweza kukirudisha? Tutumie ujumbe, tutausoma hewani bila kutaja jina.