Habari za Bartholomäus Ziegenbalg, Mwalimu wa Waalimu

Twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyetangulia kupelekwa na Walutheri kuhubiri Injili katika Bara Hindi.

Bartholomäus Ziegenbalg alizaliwa mwaka 1682 katika mji mdogo wa Pulsnitz, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikufa yeye angali mtoto, na mwili wake haukuwa na nguvu. Alisoma Halle, kwa August Hermann Francke, mlezi wa mayatima. Kisha Mfalme Frederick wa Nne wa Denmark akatafuta watu wa kwenda Tranquebar, mji wa pwani uliokuwa chini ya serikali yake. Ziegenbalg na mwenziwe Heinrich Plütschau wakakubali, wakafika tarehe 9 Julai 1706.

Wazungu wa mji ule hawakuwapokea vema, nao hawakujua Kitamil hata neno moja. Basi walimwomba mzee mmoja mwenye chuo cha watoto akihamishie nyumbani kwao. Ziegenbalg akaketi chini pamoja na watoto wale, akaandika herufi mchangani kwa kidole kama wao. Hivyo yeye aliyekuja kufundisha alianza kwa kufundishwa, na wenzake wa darasa walikuwa watoto.

Mwaka 1707 alianza chuo chake mwenyewe. Watoto maskini walipewa chakula na nguo, wakasomeshwa kwa lugha ya mama zao. Hata wasichana walisoma, jambo lililokuwa geni mahali pale. Mwisho wa mwaka 1708 liwali wa Tranquebar alimtia gerezani, akakaa humo miezi minne. Alipotoka akarudia kazi yake. Mwaka 1711 alimaliza kufasiri Agano Jipya kwa Kitamil, na mwaka 1715 lilikuwa limekwisha kupigwa chapa mumo humo Tranquebar.

Lakini aliona ya kuwa vitabu peke yake havitoshi. Mgeni hufa, au hurudi kwao. Nani atawafundisha watoto wa watoto? Kwa hiyo mwaka 1716 alifungua chuo kingine, cha kuwafundisha vijana Watamil wapate kuwa waalimu na makatekista wa watu wao.

Hapo taabu yake ilizidi, tena haikutoka kwa wapagani. Wakubwa wa misioni huko Copenhagen walimletea lawama kali, wakiona kwamba mjumbe wa Injili hapaswi kujishughulisha na majumba na vyuo, bali ahubiri tu kama mitume. Lawama ya adui huumiza, lakini ya ndugu huumiza zaidi. Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Tarehe 23 Februari 1719 alifariki, umri wake miaka 36, na kazi ya kufasiri Agano la Kale ameifikisha kitabu cha Ruthu.

Je, alikosea? Na tuyatazame matunda. Aaron, Mtamil aliyebatizwa mwaka 1718, akawa katekista. Na mwaka 1733 akawekewa mikono, mchungaji Mlutheri wa kwanza aliyezaliwa katika nchi ile. Ziegenbalg alikuwa kaburini miaka 14, lakini Neno lilihubiriwa na mwenyeji, kwa lugha ya wenyeji.

Habari hizi si za mbali nasi. Misioni ya Leipzig, ambayo baadaye iliipokea kazi ya Tranquebar, ndiyo iliyowatuma watu wake Kilimanjaro mwaka 1893.

Basi ndugu makatekista, mnapowafundisha watoto Jumapili, msidhani ya kuwa kazi hiyo ni ndogo. Tena tusiridhike kuwafundisha tu. Tumtafute mmoja kati yao atakayeweza kuketi mahali petu, tumfundishe kufundisha, wakati sisi tungali hai.