Evans-Pritchard na Kumbukumbu za Wanuer

Askari afanyaye doria kando ya mto Akobo hupita katika ardhi ambayo mwaka 1940 ililindwa na Kapteni mmoja wa Kiingereza akiwa na kikosi kidogo cha Waanyuak wenye bunduki za kizamani. Waitaliano, ambao wakati huo walikuwa wameikalia Ethiopia, walikuwa ng'ambo ya pili. Kapteni huyo, hayati Profesa Edward Evan Evans-Pritchard, alikuwa mwanachuoni kabla ya kuwa askari, na jina lake limebaki kwa sababu ya uchunguzi wake juu ya mambo ambayo watu huyakumbuka na yale wanayoyasahau.

Alizaliwa Uingereza tarehe 21 Septemba, 1902, mtoto wa kasisi. Alisoma historia Oxford, kisha elimu ya jamii za watu London, na mwaka 1926 akaja kukaa na Wazande. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ya Sudan ilimtaka awachunguze Wanuer.

Wakati haukufaa hata kidogo. Serikali hiyohiyo ilikuwa imetoka kuwapiga Wanuer kwa majeshi na ndege za vita, na kiongozi wao Guek Ngundeng alikuwa ameuawa mwaka 1929. Mgeni alipomwuliza mtu jina lake na ukoo wake, alirudishiwa maswali. Kisha alfajiri moja askari wa Serikali waliizunguka kambi alimokuwamo, wakatafuta manabii wawili na kuchukua mateka. Evans-Pritchard aliona hawezi tena kuaminiwa, akaondoka. Askari polisi aliyewahi kuandika maelezo ya shahidi anaielewa hali hiyo: anayenyamaza si lazima awe amesahau.

Alirudi mwaka 1931, na tena mwaka 1935 na 1936. Kwa jumla alikaa kwao kiasi cha mwaka mmoja tu. Safari hizo za baadaye aliishi kambini penye ng'ombe, akawa na ng'ombe wake mwenyewe, na midomo ikafunguka. Aliwakuta watu wenye mamia ya namna za kutaja rangi na mabaka ya ng'ombe. Waliweza pia kutaja nasaba zao pasipo karatasi, kwa kuwa mtu alipouawa ilibidi ijulikane ni nani wa kulipa ng'ombe wa fidia na ni nani wa kuwapokea.

Hapa ndipo alipogundua jambo kubwa. Nasaba za koo hazikuzidi vizazi kumi au kumi na viwili, ingawa watu walizidi kuzaliwa na kufa. Mwanzilishi wa ukoo hakusahauliwa, wala babu wa karibu. Waliopotea ni wale wa katikati, ambao majina yao hayakugawa tena watu wala kuwaunganisha. Ndiyo maana mwanzo wa dunia ulionekana u karibu mno: mti ambao inasemekana binadamu walianzia chini yake ulikuwa umesimama magharibi mwa nchi ya Wanuer hadi miaka michache tu kabla ya yeye kuandika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1940.

Huko Cambridge, mtaalamu wa akili Frederic Bartlett alikuwa amefikia jambo la jirani na hilo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu waisome na kuisimulia baadaye. Mitumbwi ikageuka mashua, na yasiyoeleweka yakaachwa. Lakini mchungaji mmoja wa Swaziland alimtajia ng'ombe walionunuliwa mwaka mzima nyuma, rangi na bei zao, akikosea kidogo sana. Wasomi waliofuata waliyasoma mawazo ya wataalamu hawa wawili pamoja.

Baada ya Akobo, Evans-Pritchard alitumikia jeshi Syria na Libya. Alikuwa Profesa Oxford tangu mwaka 1946 hadi 1970, na mwaka 1971 akapewa cheo cha Sir. Habari za doria zake pamoja na Waanyuak alizisimulia katika jarida la kijeshi la Uingereza mwaka 1973, zaidi ya miaka thelathini baada ya vita ile. Alifariki dunia Oxford tarehe 11 Septemba mwaka huohuo.