Jomo Kenyatta na Majina Yake

Wengi wetu twamjua Mzee Jomo Kenyatta kuwa ndiye Rais wa kwanza wa Kenya. Lakini jina hilo hakuzaliwa nalo.

Alizaliwa Ugikuyu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Wazazi wake walifariki yeye angali mtoto. Mwaka 1909 aliingia katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, akajifunza kusoma, kuandika na useremala. Mwaka 1914, alipokuwa tayari kubatizwa, aliomba aitwe John Peter. Wamisionari wakamwambia achague jina moja tu. Naye akachagua Johnstone. Mwanzo wa jina hilo ni John, na mwisho wake kwa Kiingereza ni jiwe, ndiyo maana ya Petro. Hivyo alitii, na Petro hakumwacha.

Baadaye alisoma mita za maji mjini Nairobi. Alipenda kuvaa mkanda wa shanga, uitwao kinyata kwa lugha yake, na hapo ndipo lilipotoka jina Kenyatta. Katika miaka ya 1930 alikuwa London, akisomea elimu ya jamii na mila za watu kwa Profesa Bronislaw Malinowski. Mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya maisha ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, akajiandika Jomo Kenyatta. Johnstone akawekwa kando.

Je, Petro alipotea? La. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa na Grace Wahu mwaka 1920, aliitwa Peter Muigai. Mwingine, aliyezaliwa Uingereza na Edna Clarke mwaka 1944, aliitwa Peter Magana. Jina alilokatazwa kwenye ubatizo aliwapa wanawe wawili.

Alikamatwa mwaka 1952 akafungwa, akaachiliwa mwaka 1961. Aliiongoza Kenya kupata uhuru mwaka 1963, akafariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Sisi wa Lupiro twajifunza nini? Wazazi, msichague jina la mtoto njiani mkija kanisani. Lifikirini na kuliombea. Nasi wazee wa kanisa na walimu wa ubatizo, tusikatae jina kabla ya kuuliza sababu yake. Huenda ndani yake mna sala ya mtu. Mungu hutuita kila mmoja kwa jina lake (Isaya 43:1).