Maisha ya Ibn Sina, Tabibu Aliyeusikiliza Moyo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: Ndugu msomaji, katika kijitabu hiki tumekusudia kukueleza maisha ya mtu ambaye wengi hulisikia jina lake katika khabari za dawa tu. Naye ni Abu Ali Husein bin Abdillah bin Sina, aliyeitwa na watu wa ilimu Sheikh Rais. Hatukusudii kuvitaja vitabu vyake vyote. Twataka kukuonyesha jinsi alivyozikusanya ilimu mbili ambazo watu hudhani haziingiani, utabibu na ushairi, akautazama kwa zote mbili moyo wa mwanadamu.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwaka 370 Hijriya, yaani 980 Miladiya, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh aliyekuja kufanya kazi katika serikali ya Amir Nuh bin Mansur. Alipotimia miaka 10 alikwisha hifadhi Kurani na kusoma mengi katika adabu, yaani ilimu ya lugha na mashairi. Kisha akasoma fikihi, mantiki, hesabu na nyota. Utabibu hakuuona kuwa ilimu ngumu. Naye hata alipokuwa na miaka 16, matabibu walikuwa wakija kusoma kwake. Amir Nuh alipougua, kijana huyu akaitwa kumtibu pamoja na wakubwa wake, akapewa ruhusa ya kuingia katika nyumba ya vitabu ya Amir.

Lakini usidhani kuwa kila kitu kilimfungukia mara moja. Kitabu kimoja cha Aristotle alikisoma mara 40 hata akakihifadhi, asifahamu makusudio yake, mpaka aliponunua sokoni kwa dirhamu 3 kitabu cha Al-Farabi kilichomfafanulia. Kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kwa kumshukuru Mungu.

SAFARI ZAKE

Baada ya kufa baba yake aliondoka Bukhara, akawa hana makao, mji hata mji. Alikusudia kufika Jurjan kwa Amir Qabus bin Washmgir. Lakini kabla hawajaonana, Qabus alikamatwa na watu wake, akafa kifungoni. Katika Jurjan alimpata mwanafunzi wake mwaminifu, Abu Ubeid al-Juzjani, na huko ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa, Qanun, chenye sehemu 5. Kisha akaenda Rayy, na Hamadan, akawa waziri. Askari wakamghadhibikia, wakaipora nyumba yake, akajificha siku 40. Baadaye alifungwa miezi 4 katika ngome ya Fardajan, na humo kifungoni akaandika vitabu.

UGONJWA WA MAPENZI

Katika Qanun, Ibn Sina ameweka mlango juu ya mapenzi yaliyopita kiasi, akayatia katika maradhi ya kichwa, karibu na ugonjwa wa huzuni kubwa. Ameziandika alama zake kama tabibu aandikavyo alama za homa: macho huingia ndani na kukauka, pumzi hukatika, na mgonjwa hucheka au kulia kwa kusikia neno dogo. Mambo haya washairi walikuwa wakiyaimba tangu zamani. Yeye akayachukua kuwa ni dalili za kuchunguzwa.

Mgonjwa wa namna hii huficha siri yake kwa haya. Basi Ibn Sina amefundisha kwamba tabibu amshike mshipa wa mkono, kisha yatajwe mbele yake majina mengi, na mitaa, na nyumba, na kazi za watu. Mshipa ukibadilika mara kwa mara kwa jina moja, basi siri imejulikana, ijapokuwa ulimi umenyamaza. Galen, tabibu wa Kiyunani, alikwisha lijua jambo hili kabla yake. Lakini Ibn Sina asema amelijaribu mwenyewe. Dawa bora, kwa kauli yake, ni kuwakutanisha wawili hao kwa njia iliyo halali katika dini. Naye amewahi kumwona mtu aliyekwisha dhoofika sana akapona upesi kwa hayo. Kama haiwezekani, mgonjwa apewe chakula kizuri, na usingizi, na shughuli za kumsahaulisha.

Nizami Aruzi, mwandishi wa Kiajemi, amesimulia kuwa Ibn Sina alimponya hivyo kijana mmoja wa jamaa za Amir Qabus. Kisa ni kizuri, lakini kama ulivyoona, wawili hao hawakuonana. Ya kutegemea ni yale aliyoyaandika mwenyewe.

Waama matabibu wa leo wameacha mengi ya zamani katika khabari za tabia za mwili. Lakini kwamba khofu na mapenzi huubadili mwendo wa moyo, hilo hakuna alikanushaye.

KWA NINI SHAIRI HUTULIZA

Katika kitabu chake cha Shifa ameuliza: shairi lina nguvu gani hata likamliza mtu? Akajibu kuwa shairi halishindi akili kwa hoja. Huijengea nafsi sura, nayo nafsi hukunjuka au hukunjana kabla ya kufikiri. Mtu akikuambia kuwa asali ni nyongo iliyotapikwa, wajua kuwa si kweli, na juu ya hayo utaona kinyaa. Basi tabibu na mshairi waligonga mlango mmoja.

Yeye mwenyewe alitunga mashairi. Ametia utabibu katika urjuza wenye beti zaidi ya 1300, ili wanafunzi wahifadhi, kama twalibu wetu wanavyohifadhi nahau kwa Alfiya. Na katika kasida yake mashuhuri ameifananisha roho na njiwa aliyeshuka kutoka juu, asiyetaka kuja, kisha akija hataki kuondoka.

Wala hakuwa salama na maradhi ya moyo. Katika Isfahan, mbele ya Amir Alau Dawla, mwanachuoni wa lugha, Abu Mansur, alimwambia kuwa yeye ni mtu wa hekima, lugha haijui. Neno hilo lilimchoma. Akasoma lugha miaka 3, kisha akatunga kasida 3 zenye maneno ya nadra, pamoja na barua 3, akazijalidi kwa ngozi iliyochakazwa, Amir akampa Abu Mansur kana kwamba zimeokotwa nyikani. Abu Mansur akashindwa na maneno mengi. Ibn Sina akamwonyesha yalipo vitabuni, hata akatambua, akataka radhi.

KUFA KWAKE

Alishikwa na msokoto wa tumbo. Alipofika Hamadan akajua kuwa nguvu zimekwisha, akaacha kujitibu. Akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Kurani kila siku 3. Akafa mwezi wa Ramadhani 428, yaani 1037.

Maulamaa wamekhitilafiana juu ya falsafa yake. Imam Ghazali amemkanya vikali katika mambo makubwa ya itikadi, na hayo hatuyafichi. Lakini katika kuwahurumia wagonjwa ana la kutufunza. Ukimwona kijana wako amenyamaza, hali, halali, usimkemee wala usimcheke, wala usikimbilie kusema kuwa ana shetani. Kaa naye, umshike mkono, umsikilize. Huenda mshipa ukakuambia alichoshindwa kukisema.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuponye nyoyo zetu. Amin.