Luther Burbank: Mkulima aliyetangaza mjozi wa vitako vya bunduki

MAFUNDI wanaotengeneza vitako vya bunduki za kuwindia hupenda mbao za mjozi kuliko mbao nyingi nyingine. Mjozi ni mti wa nchi za baridi, na tunda lake, jozi, lina ganda gumu na kiini kinacholiwa. Mbao zake zikikaushwa vizuri hazipindi ovyo, tena ni imara bila kuwa nzito mno.

Hata hivyo, mijozi haifanani. Ule wa Ulaya na Asia una nyuzi zilizoshikamana, hivyo huchongwa nakshi ndogo bila kumeguka. Mjozi mweusi wa mashariki mwa Marekani ulitumika kwa bunduki nyingi za jeshi la nchi hiyo. Mjozi wa California una michirizi ya kuvutia, lakini mbao zake ni laini zaidi. Aina ya nne ni chotara, na aliyeitangaza ni mkulima Luther Burbank.

Burbank alizaliwa Machi 7, 1849 mjini Lancaster, jimbo la Massachusetts, katika familia kubwa ya mkulima. Hakusoma chuo kikuu. Baba yake alipofariki, alitumia urithi wake kununua shamba la ekari 17. Hapo alipata mbegu 23 kutoka tunda moja la mmea wa kiazi, akazipanda na kuchagua mche uliozaa viazi bora. Mwaka 1875 aliuza haki ya kiazi hicho kwa dola 150 tu, akahamia Santa Rosa, California. Kizazi cha kiazi hicho baadaye kilienea kuliko viazi vingine vyote Marekani.

Huko California alifungua kitalu. Mwaka 1881 mteja mmoja alitaka miche 20,000 ya plamu ndani ya msimu mmoja, kazi ambayo kwa kawaida ingechukua zaidi ya mwaka. Burbank alipanda mbegu za mlozi, ambazo huota haraka, kisha akabebesha vikonyo vya plamu juu yake. Karibu miche yote ilikuwa tayari kwa wakati, na jina lake likavuma.

Kwa mijozi, alichukua chavua ya aina moja na kuipeleka kwenye maua ya nyingine. Mjozi wa California ulipokutana na ule wa Ulaya na Asia, alipata chotara aliyoiita Paradox, akaitangaza kwenye orodha yake ya mwaka 1893. Miti yake ilikua kwa kasi ya kushangaza, ikafikia urefu wa zaidi ya meta 15 katika miaka kama 15. Wengi huamini mti unaokua haraka hutoa mbao dhaifu, lakini za Paradox zilikuwa ngumu.

Kasoro yake ilikuwa moja: ilizaa jozi chache sana. Kwa mkulima wa matunda huo ulikuwa mti wa hasara. Lakini wenye mashamba ya jozi California waligundua kuwa mizizi yake ina nguvu, wakaanza kuitumia kama shina la chini la kubebeshea mijozi ya matunda. Mafundi wa bunduki nao huziita mbao zake Bastogne, na huzichagua kwa bunduki kubwa zinazosukuma bega kwa nguvu.

Jina la aina peke yake halitoshi. Fundi makini hutazama kama nyuzi zimenyooka kwenye shingo ya kitako, mahali pembamba panapovunjika kwa urahisi. Michirizi ya mapambo huachwa sehemu ya nyuma. Mbao sharti iwe imekaushwa taratibu, la sivyo itapinda na kuusukuma mtutu.

Burbank alitoa zaidi ya aina 800 za mimea, lakini wakati wake sheria haikumlinda mtu anayebuni mmea mpya. Akishauza mche mmoja, mnunuzi aliweza kuuzalisha na kuuza atakavyo. Alifariki Aprili 11, 1926. Sheria ya hataza za mimea ilipitishwa Marekani mwaka 1930, na hataza 16 zikatolewa kwa jina lake akiwa kaburini.