KIMWERI WA VUGHA: UKOO WA KIFALME ULIOANZA NA MKIMBIZI



Kule Dar, Msasani, kuna barabara inaitwa Kimweri. Watu wanaipita kila siku, lakini waulize Kimweri alikuwa nani, wengi chali. Leo namleta huyu mzee pamoja na ukoo wake, maana huku milimani bado tunaulizana nani Mkilindi na nani siyo.

Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara akikaa Vugha, karibu nusu karne, mpaka alipofariki 1862. Enzi yake ilishuka hadi Bonde na pwani ya Tanga na Pangani, ambako ilibidi aelewane na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Krapf alimtembelea 1848, akarudi tena 1852.

Sasa tufuate ubini wake. Ukipanda kwa baba, vizazi vichache tu unamkuta Mbegha, na Mbegha hakuwa Msambaa! Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, anasimulia kwamba alitoka Kilindi, nchi ya Nguu. Alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa hivyo alionekana ni mkosi. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe, rafiki yake mtoto wa mkubwa akafia porini katika kuwinda, jamaa akakimbia.

Huku milimani akawagawia watu nyama, akaua simba, akapewa nchi. Lakini jamani, nyama peke yake haimfanyi mgeni kuwa mwenyeji. Mbegha alioa kwa Wasambaa, sehemu mbalimbali, na watoto wakapewa kutawala kwa wajomba zao. Buge, aliyemrithi, alizaliwa na mama Msambaa. Kwa baba ni mgeni, kwa mama ni mpwa wa nyumbani. Mjomba hawezi kumfukuza mpwa wake!

Kimweri naye alitumia dawa hiyo hiyo, akawaweka wanawe kuwa machifu kila upande. Alipokuwa hai ilifanya kazi. Alipokufa ikageuka sumu. Mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti Vugha, huku mwanawe Semboja yuko Mazinde, kwenye njia ya misafara, ana bunduki. Semboja akamtoa mwenzake Vugha, wakapigana ndugu kwa ndugu, na raia wengi wakauzwa utumwani. Wajerumani walipofika waliikuta nchi imeshachoka. Mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mtoto wa Semboja.

Mimi naona hivi: anayetamba leo kwamba yeye ni damu ya Wakilindi, ahesabu na upande wa mama. Kwa baba atafika kwa mkimbizi aliyekataliwa kwao. Waliomfanya awe wa hapa ni kina mama wa Kisambaa, na ndio tunaowasahau tukitaja ukoo.

Wazee wenu wanataja majina ya bibi zenu mpaka kizazi cha ngapi? Tupieni hapa chini.

Naomba kuwasilisha.